Kwao Mzee wa Magongo

Shule zinapofungwa mwezi wa Desemba nauli za mabasi ya bara hupanda, na katika nyumba nyingi za Magongo hesabu huwa ile ile: nani atasafiri, nani atabaki kulinda nyumba, na mzee atapelekwa kwao lini. Mzee huyo aghalabu amestaafu bandarini Kilindini, relini, au katika kiwanda cha kusafisha mafuta. Ameishi Changamwe miaka 40 au 50. Hapa ndipo alipolea watoto na kuzika marafiki. Wajukuu zake wanazungumza Kiswahili cha Mombasa, na lugha yake wanaisikia kama redio ya jirani, maneno mawili matatu yakipenya ukutani. Hata hivyo, likitajwa neno "kwao", hakuna anayedhani ni Magongo. Kwao ni Ugenya, au Butere, au Kitui, au Wundanyi, mahali alipozaliwa na alipoondoka akiwa kijana, na ambapo familia inaona ni wajibu kumfikisha tena kabla miguu haijamsaliti. Hoja yangu ni kwamba safari hiyo yafaa kufanywa, ila sababu inayotolewa si sahihi. Husemwa kwamba mzee anarudishwa kwenye asili. Historia ya Magongo inaonyesha kwamba anarudishwa mahali ambapo sheria za ardhi, kodi na ajira zilimwandikia kuwa ndipo kwao, tena zilimwandikia hivyo ili Mombasa isiwe kwao kamwe. Anayeijua tofauti hii atafunga safari ile ile, lakini atauliza maswali mengine njiani, na atarudi na jibu jingine.

Tuanze na mahali penyewe. Magongo ni sehemu ya Changamwe, upande wa bara magharibi ya kisiwa cha Mvita, kwenye njia ya kwenda uwanja wa ndege na Port Reitz. Majina kadhaa ya ujirani huu ni ya watu waliohama. Wachangamwe, ambao pamoja na Wakilindini na Watangana ndio Thalatha Taifa ya Mombasa, walihamia kisiwani karne nyingi zilizopita, wakaliacha jina lao huku bara. Port Reitz inabeba jina la Luteni John James Reitz, afisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyeachiwa Mombasa na Kapteni Owen mwaka 1824. Alikufa kwa homa mwaka huo huo katika safari ya Pangani, na kwao hakurudi. Kaskazini-magharibi kuna Rabai, ambako mmisionari Ludwig Krapf alihamia mwaka 1846. Aliwakuta Warabai, na karibu nao Wakamba waliokuwa wamesogea pwani kwa biashara ya misafara na kwa sababu ya njaa ya bara. Kwa hiyo kabla ya reli, kabla ya mkoloni kupiga mhuri wa kwanza, ardhi hii ya ng'ambo ya Makupa ilikuwa ya watu wenye kwao zaidi ya kumoja, na hapakuwa na aliyemtaka mwenzake achague.

Uchaguzi ulikuja na kazi. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896 na ukafika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, mwezi wa Desemba 1901, umbali wa zaidi ya kilomita 900. Gati za kwanza za kina kirefu pale Kilindini zilifunguliwa mwaka 1926. Meli ilihitaji watu wengi kwa siku chache, kisha hakuna, kisha wengi tena. Waajiri wakapenda mfanyakazi wa siku kuliko wa mwezi. Neno la mtu huyo lilikuwepo tayari. Kibarua ni barua ndogo, kile kikaratasi cha kuonyesha kwamba mtu amefanya kazi ya siku. Katika karne ya 19, Unguja na Mombasa, miongoni mwa walioitwa vibarua walikuwemo watumwa waliokodishwa na mabwana zao kwa kutwa, wakirudi jioni na sehemu ya ujira. Bandari ya kisasa ililirithi neno pamoja na uhusiano uliomo ndani yake. Mtu alinunuliwa saa zake, na mwajiri hakuulizwa analala wapi, anaugulia wapi wala atazeekea wapi. Maswali hayo yalipelekwa mahali pengine, mbali na daftari la bandari.

Mahali hapo palitengenezwa kwa maneno mengine mawili ambayo wazee wa Magongo wanayajua vizuri. La kwanza ni kipande. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutumika kwa nguvu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kuwa na cheti chenye jina lake, kabila lake, wilaya yake, alama za vidole, mwajiri wake na ujira wake. Alikivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma, na akiacha kazi bila mwajiri kutia sahihi aliweza kufuatiliwa na kushtakiwa. La pili ni rizavu. Mipaka ya maeneo yaliyotengewa makabila ilitangazwa rasmi mwaka 1926, na tangu hapo wilaya iliyoandikwa katika kipande ikawa na uzio wake kwenye ramani. Kodi ya nyumba na ya kichwa zilimtoa kijana ndani ya uzio huo kutafuta fedha. Kipande kilimwonyesha kuwa mgeni kila alipozitafutia. Ndiyo maana mpaka leo mzee wa Kenya husema "naenda rizavu" akimaanisha nyumbani, na kijana asiyejua mkoloni alikuwa nani huita kitambulisho chake "kipande". Lugha haikusahau: neno tunalolitumia kwa mapenzi ya nyumbani ni neno la afisa wa wilaya.

Mshahara ulijengwa juu ya hesabu hiyo hiyo. Ulikadiriwa kumtosha mwanamume mmoja asiye na mke wala mtoto, kwa madai kwamba familia yake inalishwa na shamba la rizavu. Wafanyakazi wa Mombasa waliikataa hesabu hii mapema na kwa sauti kubwa. Waligoma mwaka 1939. Mwezi wa Januari 1947 waligoma tena, watu wapatao 15,000 kutoka bandarini, relini, mahotelini na majumbani, wakikusanyika mahali walipopaita Kiwanja cha Maskini. Kutoka hapo ulizaliwa muungano wa wafanyakazi ulioongozwa na Chege Kibachia, aliyekamatwa mwezi wa Agosti mwaka huo na kuhamishiwa Kabarnet kwa nguvu. Mwaka 1954 kamati ya serikali iliyoongozwa na Carpenter ilikiri walichokuwa wakisema wagomaji, kwamba mshahara wa chini unapaswa kupanda hadi umtoshe mtu na familia yake mjini. Lakini mwaka huo huo wa 1954 ulianzishwa mpango wa Swynnerton wa kuunganisha mashamba ya bara na kuyatolea hati. Mkono mmoja wa serikali ulimwambia mfanyakazi akae mjini na kuisahau rizavu. Mwingine ukamwambia kwamba shamba lake linapimwa, na asiyekuwepo asilaumu mtu. Mwenye akili alifanya yote mawili. Alibaki kazini Mombasa, na Desemba ikifika akapanda gari moshi kwenda kuonekana.

Mombasa yenyewe ilikuwa na sababu yake ya kumwacha njiani. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye kudai ardhi ya ukanda wa pwani wathibitishe madai yao. Ardhi isiyo na mdai aliyekubaliwa ikawa ya serikali. Matokeo yake ni utaratibu ambao mji huu unaujua kuliko mji wowote wa Kenya, wa nyumba bila ardhi: mtu anajenga, anapangisha vyumba, anauza, hata anarithisha, ilhali kiwanja ni cha mwingine naye analipa kodi yake kila mwezi. Aliyejenga kwa udongo na mabati, au hata kwa matofali, juu ya kiwanja cha namna hiyo hakuwa na mahali pa kuchimba kaburi. Hili lilimhusu mgeni wa kutoka Nyanza, na lilimhusu pia Mduruma au Mrabai aliyezaliwa papo hapo bila hati. Basi tunapomshangaa mzee aliyekaa Changamwe nusu karne bila kuiita kwao, tusitafute jibu moyoni mwake peke yake. Jibu limo pia katika ofisi ya ardhi.

Hapa mpinzani wa kwanza atanyanyua mkono. Atasema desturi hii ni ya kale kuliko kipande. Kwamba mtu ana mahali kilipozikwa kitovu chake, na kwamba Waswahili wenyewe wanasema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Atataja pia kesi iliyoifundisha Kenya nzima neno nyumbani. Wakili S. M. Otieno alifariki Nairobi tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, akataka kumzika Upper Matasia karibu na Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Mahakamani ilisemwa kwamba Mluo anaweza kuwa na nyumba Nairobi, lakini nyumbani kwake ni kule waliko wazee wake. Mwezi wa Mei 1987 Mahakama ya Rufaa iliupa ukoo ushindi, na tarehe 23 mwezi huo marehemu akazikwa Nyalgunga, zaidi ya miezi mitano baada ya kufa. Kama majaji wa taifa huru walikubali tofauti ya nyumba na nyumbani, mpinzani atauliza, tunasemaje kwamba ni uzushi wa mkoloni?

Sisemi ni uzushi. Shauku ya kurudi ni ya kale, na pwani ina mifano yake: makaya ya Mijikenda, yakiwemo ya Rabai, ambayo UNESCO iliyatia katika urithi wa dunia mwaka 2008, yalikuwa yamehamwa na wakazi wake muda mrefu, na wazee bado huyarudia kwa maombi. Lakini tazama mfano huu unasema nini. Mijikenda husimulia kwamba walitoka Shungwaya, wakaingia makaya, kisha wakatoka makaya kwenda mashambani. Kila kituo kilikuwa nyumbani kwa zamu yake, na hakuna kilichofuta kingine. Kijaluo chenyewe kina neno gunda, boma lililohamwa, lenye makaburi ya waliotangulia huku wana wakiwa wamejenga dala (boma) mpya mbele. Lugha isingelihitaji neno hilo kama nyumbani pangekuwa mahali pamoja milele. Kilichokuja na ukoloni ni kule kupagandisha nyumbani: pawe mahali pamoja tu, pawe ndani ya mpaka wa wilaya, paandikwe katika cheti, na kila mahali pengine pawe pa kupita. Hata methali ya mpinzani inamgeukia. Ngama si mahali pa nchi kavu. Ni sehemu ya chini ya chombo, na chombo chenyewe kinasafiri. Mabaharia walioitunga walijua kwamba unachokirudia kinaweza kuwa kimesogea pamoja nawe.

Mpinzani wa pili ana hoja ngumu zaidi, na ushahidi wake uko hapa hapa Mombasa bara, upande wa Kisauni. Anasema mwacha asili ni mtumwa, na anauliza mtu asiyepelekwa kwao atakuwa nani. Mwaka 1875 wamisionari wa Church Missionary Society (CMS) walianzisha Freretown, wakiwaweka huko watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa, wengi wao waliotekwa wakiwa watoto upande wa Ziwa Nyasa. Wengine waliletwa kutoka Bombay, walikokuwa wamelelewa baada ya kuokolewa baharini. Hawa hawakuiacha asili. Walinyakuliwa kutoka kwayo, kwa hiyo methali hiyo haiwahukumu. Kuwarudisha kulikuwa shida, kwa sababu vijiji vingi vilikuwa vimechomwa na barabara za kurudia zilikuwa zile zile za watekaji. Walichofanya kinafundisha. Walijenga mji wenye kengele, na mahali pale pangali panaitwa Kengeleni. Tena mmoja wa wana wao, James Mbotela, akaandika masimulizi ya utekwaji na ukombozi wa wazazi wake katika kitabu Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934. Safari ya kurudi kwao ilifanywa kwa kalamu. Freretown inathibitisha kwamba kinachomfanya mtu kuwa na asili ni kujua alikotoka na jinsi alivyotoka. Udongo husaidia kukumbuka, lakini aliyenyang'anywa udongo bado anaweza kusimulia, na aliyeshika hati ya udongo anaweza kuwa amesahau kila kitu.

Mpinzani wa tatu anatoka upande wa pili kabisa, na woga wake una haki. Anasema neno "kwao" limemwaga damu. Mwezi wa Agosti 1997, kuelekea uchaguzi mkuu, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na watu wa bara wakaanza kushambuliwa kwa vikaratasi na kwa mapanga, wakiambiwa warudi kwao. Watu waliuawa, maelfu walikimbia, na Tume ya Akiwumi ilikuja kuchunguza machafuko hayo pamoja na mengine ya miaka hiyo. Je, mjukuu anayempakia babu yake basi la bara kila Desemba hakubaliani na wale walioandika vikaratasi? Naona swali hili ndilo linaloonyesha kwa nini sababu ya safari ina uzito kuliko safari yenyewe. Tukisema tunamrudisha mzee kwenye asili yake, tumekiri kwamba Magongo anapanga tu, naye mwenye vikaratasi amepata shahidi. Tukisema tunakwenda kuona ni nini kilichomtoa huko na kumleta hapa, tumeeleza kwa nini ana haki ya hapa: alikuja kwa sababu mji huu ulimhitaji, ukamlipa nusu ya gharama ya kuwa mtu, na nusu nyingine ikalipwa na mama yake na mkewe waliolima rizavu. Kifungu cha 39 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kuishi popote nchini. Historia ya kazi inaongeza juu ya haki hiyo deni. Na deni hilo si la watu wa bara peke yao, maana Mduruma wa Changamwe asiye na hati anadai daftari lile lile.

Mduruma huyo ndiye anayeukamilisha ushahidi wangu. Uwanja wa ndege wa Port Reitz ulijengwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kisha ukapanuliwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na kupewa jina la Moi. Kiwanda cha kusafisha mafuta kilianza kazi mwaka 1963 na kikaacha kusafisha mwaka 2013. Stesheni ya reli mpya ilifunguliwa Miritini mwaka 2017. Kila kimoja kilihitaji ardhi pana ya bara la Mombasa, na ardhi hiyo ilikuwa na minazi, miembe, visima na watu. Bibi aliyezaliwa huku kabla ya lami ana safari fupi kuliko zote. Mwenzake wa kutoka Nyanza anahitaji usiku kucha barabarani. Yeye anahitaji mwendo wa dakika chache, kisha anafika kwenye ua wa nyaya na askari mlangoni. Wa mbali anafika kwao, wa karibu hafiki. Umbali wa mtu na utoto wake, kumbe, haupimwi kwa kilomita. Unapimwa kwa kuangalia ni nani aliyeichukua ardhi katikati na kwa karatasi gani.

Linabaki lalamiko la kawaida, la huruma: kwa nini kumtesa mzee kwa safari ndefu akaone mti uliokatwa, mto uliopungua, na vijana wasiomjua? Jibu ni kwamba mabadiliko hayo ndiyo masomo. Mti uliokatwa una mwaka wake na sababu yake; shamba lililogawanywa lina hati yenye tarehe; kaburi la dada aliyekufa wakati yeye yuko zamu ya usiku Kilindini lina hesabu ya nauli aliyokosa. Hizi ni habari ambazo nyaraka za bandari na reli hazikuandika, kwa sababu ziliyahesabu magunia na mabehewa, na mfanyakazi zikamhesabu kwa siku. Mzee peke yake ndiye nakala. Akisimama mahali penyewe atakumbuka kwa mpangilio, maana kumbukumbu hufuata njia, na njia aliyopita kwenda stesheni akiwa kijana wa kutafuta kodi ataionyesha kwa fimbo hata kama imeota mahindi. Kwa hiyo apelekwe akiwa hai, angali anaweza kunyoosha fimbo. Desturi ya kuchangisha mamia ya maelfu ya shilingi kumsafirisha maiti, baada ya kukosa nauli yake ya basi miaka kumi, inailipa rizavu haki yake na kumnyima mjukuu yake.

Basi mjukuu wa Magongo ajiandae kwa safari hii kama anayekwenda kusoma. Amuulize mzee aliandikishwa kipande mwaka gani na nani alimsindikiza. Alilipwa shilingi ngapi kwa siku na ni kiasi gani kilitumwa nyumbani. Nani alilima wakati yeye hayupo. Shamba lilipopimwa nani alisimama badala yake. Na katika miaka yote ya Changamwe, kodi ya kiwanja alimlipa nani. Majibu hayo yatampa kwao pawili penye uzi mmoja, kule kulikolisha na huku kulikofanyiwa kazi. Kisha kuna jambo dogo la kufanya pale kituo cha mabasi. Utaratibu uliomleta mzee Mombasa ulimhesabia njia moja tu mwishoni: akichoka, arudi rizavu, mji usione mauti yake wala uzee wake. Wanaompeleka leo wamkatie tiketi ya kwenda na ya kurudi, hata kama hatimaye ataamua mwenyewe kubaki kule. Ya kwenda inakiri alikozaliwa. Ya kurudi inakiri miaka 50 ya Magongo, ambayo hakuna kipande kilichowahi kuiandika kuwa ni kwao.